Ukwangala na Bweni: Vijana Wasomao katika Maandishi, kutoka Rungwe hata Chuo Kikuu

Maandishi ya Kiswahili yagusayo shule na vyuo yameongezeka sana tangu miaka ya 1960, wala si haba. Lakini mtu akitaka kujua vijana wasomao huishije pamoja, yaani hulalaje, hulaje, huzungumza nini usiku, nani hukaa na nani na nani huachwa nje, atapekua vitabu vingi kabla ya kupata ukurasa mmoja wa kumkidhi. Mwanafunzi twamjua aondokapo kwao, na twamjua arudipo. Yale yapitayo katikati tumeyaacha. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba pengo hilo ni kasoro ya fasihi yetu, wala si jambo la kupuuzwa. Na kwamba kitabu kimoja kilichoandikwa kwa Kiingereza juu ya watu wa wilaya ya Rungwe chaweza kutufundisha namna ya kuliziba, ijapokuwa nacho kina upofu wake.

Kitabu chenyewe ni Good Company cha Bibi Monica Wilson, kilichotoka mwaka 1951. Jina lake twaweza kulifasiri kuwa Usuhuba Mwema. Utafiti uliokizaa ulifanywa Rungwe kati ya 1934 na 1938 na Bibi Wilson pamoja na mumewe, Bwana Godfrey Wilson, ambaye alifariki mwaka 1944 kabla ya kazi yao kutimia. Mjane wake ndiye aliyekusanya maandishi ya wote wawili akayafanya vitabu. Wilaya ya Rungwe wakati ule ilienea mpaka ufuoni mwa Ziwa Nyasa, pamoja na nchi ambayo leo ni wilaya ya Kyela. Makao yake makuu yalikuwa Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Wageni wale hawakufanya kazi peke yao. Leonard Mwaisumo, mwenyeji wa huko, alikuwa karani na msaidizi wao, na sehemu kubwa ya yale tunayoyasoma leo ilipita kwanza masikioni na mikononi mwake. Inafaa jambo hilo likumbukwe kila kitabu hiki kitajwapo.

Habari kubwa ya kitabu ni kijiji cha rika. Mvulana wa Kinyakyusa alipofika umri wa miaka kama kumi au kumi na mmoja aliacha kulala nyumbani kwa baba yake. Alikwenda pamoja na wenzake pembeni mwa kijiji cha wazee, wakajenga vibanda vyao wakalala humo. Mchana waliendelea kulima mashamba ya baba zao. Chakula hawakujipikia: walikwenda kundi zima kwa mama wa mmoja wao wakala, kisha kwa mama wa mwingine, na hivyo hivyo kwa zamu. Kibanda kilifuatwa na kibanda, hata pakawa kijiji. Vijana wale walipokua walioa humo humo na kuzaa humo humo, na mwisho, kwa sherehe iitwayo ubusoka, walikabidhiwa nchi na kizazi kilichotangulia. Moto wa zamani ulizimwa, mpya ukapekechwa.

Sababu waliyoitoa wenyeji ilikuwa heshima: si vema mtoto aliyekwisha kupata akili awe karibu na mambo ya unyumba ya wazazi wake, wala mkwe aonane ovyo na mke wa mwanawe. Lakini Bibi Wilson aliona kwamba juu ya sababu hiyo palikuwa na elimu nzima. Wanyakyusa walikuwa na neno ukwangala, lenye maana ya kufurahia kukaa na wenzako, na zaidi ya hapo, msaada na huruma vizaliwavyo na ukaaji huo. Waliamini kwamba amahala, yaani busara, mtu haipati kwa baba yake peke yake. Mbele ya baba mtoto hunyamaza. Kwa wenzake wa rika moja husema, hupingwa, huchekwa, hujibu, na katika majibizano hayo ndimo akili inamofunguka. Mtu aliyekula peke yake alishukiwa ubaya, na mtu aliyewakosea jirani zake aliogopa pumzi yao, kwa kuwa manung'uniko ya wengi yalidhaniwa kuweza kuleta ugonjwa.

Wataalamu wa lugha watauliza: neno ukwangala tulifasirije? Usuhuba ni karibu, lakini usuhuba waweza kuwa wa watu wawili tu, na ukwangala ni wa wengi. Maongezi ni sehemu yake moja. Pwani tunalo baraza, lakini hilo ni jina la mahali kwanza, na barazani mzee na kijana waweza kukaa pamoja, kila mtu kwa daraja lake. Ukwangala wataka walio sawa. Hata hivyo Kiswahili hakikosi mali ya kukaribia maana hiyo. Tunalo hirimu, neno la watu wa umri mmoja, ambalo leo husikika mara chache. Tunalo kikoa, yaani kula pamoja kwa zamu, leo kwako na kesho kwangu, ambalo lawaeleza wavulana wale wa Rungwe kuliko neno lo lote la Kiingereza. Na tunalo bweni. Neno hili halikuzaliwa na shule. Lilikuwa jina la nyumba walimolala vijana wasiooa, na shule zilipokuja zililikuta tayari zikalichukua. Hirimu, kikoa na bweni: maneno matatu haya yatosha kuanzia habari ya maisha ya wanafunzi bila kuazima. Ajabu ni kwamba waandishi wetu hawakuyatumia kwa kazi hiyo.

Uzuri wa Good Company ni kwamba mwandishi hakuyadharau mambo madogo. Nani alikula na nani, nani alialikwa na nani hakualikwa, ni kitendo gani kilihesabiwa uchoyo: hayo ndiyo ushahidi wake. Yamkini jicho hilo alikuwa nalo kabla ya kufika Tukuyu. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1908, akaenda kusoma Girton, chuo cha wanawake cha Cambridge, mwishoni mwa miaka ya 1920. Girton kilianzishwa mwaka 1869 kwa michango na ada za watu binafsi, na wasichana waliosoma humo walikuwa wachache sana. Walilala chuoni, wakala mezani pamoja, wakajadiliana mpaka usiku. Lakini Chuo Kikuu cha Cambridge hakikuwapa wanawake digrii kamili mpaka mwaka 1948. Mwezi wa Oktoba 1928 Virginia Woolf alikwenda huko kusema mbele ya wanafunzi wanawake, na katika kitabu kilichotokana na maneno yale, A Room of One's Own, alikilinganisha chakula cha mchana cha chuo cha wanaume na chakula cha jioni cha chuo cha wanawake, ili kuonyesha kwamba mazungumzo mazuri hayaoti mahali penye mlo wa kimaskini. Haya hatuyataji kwa kutaka kusema kwamba Rungwe na Cambridge ni mamoja. Twayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba swali la nani anakula nini, na kwa gharama ya nani, ni swali la elimu yenyewe.

Na hapo ndipo kosa la kitabu linapoonekana. Ukwangala ulikuwa wa wanaume. Wasichana hawakuwa na kijiji cha rika. Waliozwa mapema, mara nyingi kwa wanaume waliowazidi umri sana, wakahamia katika vijiji vya waume zao, ambamo mke wa miaka kumi na mitano na mke wa miaka arobaini waweza kuwa majirani. Tena, chakula kile kilichowafanya wavulana kuwa ndugu kilipikwa na mama zao. Kundi la vijana wanane au kumi lililofika jioni mlangoni kwa mama mmoja lilikuwa ni kazi ya kusenya kuni, kuteka maji, na kumenya ndizi. Bibi Wilson ayasema hayo yote, wala hayafichi. Lakini ayasema kama habari ya mazingira, na jina la kitabu na moyo wake vyafuata sauti ya wanaume, ambao wengi wao waliulizwa na Bwana Godfrey. Usuhuba unasifiwa, aliyeulipia hahesabiwi.

Haki yataka tuseme kwamba mwandishi mwenyewe hakukoma hapo. Mwaka 1977, miaka 26 baada ya Good Company, alitoa kitabu kingine juu ya watu wale wale, akakiita For Men and Elders, yaani Kwa Ajili ya Wanaume na Wazee. Jina hilo ni hukumu juu ya ulimwengu uliopangwa kwa faida ya watu hao wawili. Humo aeleza jinsi mahusiano ya vizazi, na ya wanaume na wanawake, yalivyobadilika tangu 1875 hata 1971: misheni zilizofika 1891, mashamba ya kahawa na chai, safari za vijana kwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa na ya nchi za kusini, uhaba wa ardhi, na kufifia kwa vijiji vya rika. Wataalamu wengine nao waliusahihisha mchoro wa kwanza. S. R. Charsley, katika The Princes of Nyakyusa cha mwaka 1969, alitia shaka kama nchi iligawanywa na kurithishwa kila kizazi kwa utaratibu safi kama ulivyoandikwa. Kwa hiyo msomaji asikichukue Good Company kuwa picha ya mambo yasiyobadilika. Akichukue kuwa kazi ya mtu aliyejua kwamba ukaaji wa vijana ni jambo la kuandikiwa kitabu.

Tuje sasa kwenye fasihi ya Kiswahili. Vitabu viwili vya Euphrase Kezilahabi, mwandishi aliyefariki mwaka 2020, ndivyo vilivyoifungua njia. Rosa Mistika cha mwaka 1971 ni habari ya msichana wa Ukerewe apitaye shule ya bweni hata chuo cha ualimu. Kichwamaji cha mwaka 1974 kina msimulizi Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu. Kezilahabi alikuwa mwandishi wa kweli, na sifa alizopewa hazikuwa za bure. Aliandika wazi mambo ambayo wengine waliyanong'ona, na kwa lugha nyepesi isiyo na mapambo. Lakini tukivisoma vitabu hivi kwa swali letu, twaona jambo moja. Rosa na Kazimoto wote wawili ni wapweke, na wote wawili wajiua. Wenzao wa masomo hutokea ili wawapotoshe, au wawasikilize kidogo, kisha wapite. Kwa Rosa bweni ni mahali pa kutoroka ukali wa baba. Halipati kuwa kijiji chake. Kwa Kazimoto chuo ni jina la elimu iliyomtenga na wazazi wake, na lililo zito katika hadithi latukia nyumbani. Mwandishi ayatazama masomo kutoka mlangoni pa mzazi.

Si vigumu kuona kwa nini ilikuwa hivyo. Katika miaka ile mwanafunzi wa chuo kikuu alikuwa mtu wa watu wote. Alisomeshwa kwa fedha za umma, na Mwalimu Nyerere alimlinganisha na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenziwe chakula. Asiporudi ni msaliti. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Serikali ikawarudisha makwao wapatao 400. Tangu hapo swali kubwa juu ya mwanafunzi likawa: je, atarudi kwa watu wake, au atawageuka? Riwaya ikalijibu swali lile lile kwa huzuni. Fasihi ilimwona mwanafunzi kama deni. Haikupata nafasi ya kumwona kama mtu mwenye rika.

Lakini mfano wa Mwalimu una jambo ambalo wahakiki hawakulitilia maanani. Mtu yule katika mfano ala peke yake. Kwa mizani ya Wanyakyusa hilo latosha kumtia mashakani kabla hajaondoka. Kijana wa Rungwe hakupewa chakula ili aende mbali. Alipewa pamoja na wenzake ili ajifunze kukaa. Twaweza kusema basi kwamba kuna nadharia mbili za elimu katika nchi yetu, moja ya safari na moja ya ukaaji, na riwaya ya Kiswahili imeandika ya kwanza tu.

Leo hali ya vyuo imegeuka tena, na pengo limekuwa kubwa zaidi. Tangu miaka ya 1990 vyuo vikuu vya watu binafsi na vya madhehebu ya dini vimeruhusiwa Tanzania. Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki, Dar es Salaam, kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo. Mbeya, mwendo wa kilomita kama 70 kutoka Tukuyu, pana Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji cha Kanisa la Moravian, kanisa lile lile lililojenga misheni ya Rungwe mwaka 1891. Nairobi pana Strathmore na USIU, vyuo vijulikanavyo kuwa vya watoto wa wenye uwezo. Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Tanzania ilianza kazi, na neno deni likawa na maana nyingine: sasa mwanafunzi adaiwa kwa jina lake na kwa shilingi zake. Mzazi wa Rungwe auzaye ndizi, maziwa au majani ya chai ili alipe ada hanunui masomo tu. Anamnunulia mwanawe watu wa kukaa nao. Hilo ndilo jambo ambalo vyuo vya gharama kubwa huliuza kwanza duniani kote, hata kama hakikitaji katika matangazo: kwamba kijana atalala, atakula na atacheka na watu ambao kesho watakuwa wakubwa.

Je, waweza kununuliwa ukwangala? Hapo ndipo penye uzito. Katika kijiji cha rika mtoto wa mwenye ng'ombe wengi na mtoto wa mwenye wachache walikula kwa mama wa huyu na wa yule. Umri uliwafanya sawa kabla mali haijawatenga. Katika chuo cha ada umri ni mmoja, lakini mifuko haifanani, na kila jioni kila mtu ajua ni nani awezaye kuagiza nini. Lugha ya wanafunzi wenyewe yatoa ushahidi. Fedha ya kujikimu huiita bumu. Chumba cha kupanga nje ya chuo hukiita geto. Aliyeshindwa mitihani akaondolewa husemwa amedisko. Maneno haya si ya kuchekwa wala ya kufukuzwa katika kamusi. Tuyaangalie kwa makini: yote ni maneno ya kupata, ya kupanga na ya kutolewa. Vijana walihitaji majina ya vitu hivyo kwa kuwa vyawatisha au vyawasumbua kila siku. Kikoa, neno la kula kwa zamu, halimo katika msamiati huo, ingawa tendo lenyewe laendelea: wanafunzi wa chumba kimoja huchanga unga, mmoja hununua mboga, mwingine huazima jiko. Tendo lipo, jina limelala. Kazi ya mwandishi ni kuliamsha.

Tena kuna jambo ambalo riwaya mpya lazima ilibebe na ambalo Good Company haikulibeba. Leo wasichana wa Rungwe nao wana bweni. Mjukuu wa yule mama aliyewapikia wavulana kumi sasa ni mmoja wa wanaokula pamoja, na mazungumzo yaliyozaa amahala si ya wanaume peke yao. Rosa alifika huko zamani, lakini aliandikiwa kuanguka. Hatujapata bado riwaya ya Kiswahili imwonyeshayo msichana akipata akili kwa majibizano na hirimu zake, akikosea, akichekwa, akisimama tena, bila mwandishi kumwua kwa kuwa alithubutu kulala mbali na baba yake. Na mama aliyebaki Tukuyu akituma fedha ya ada asiachwe nje ya hadithi kama alivyoachwa ukingoni mwa kitabu cha Bibi Wilson. Yeye ndiye apikaye bado, ijapokuwa sasa hapiki ugali, apika ada.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Kwanza, Good Company lafaa litafsiriwe kwa Kiswahili, japo sehemu zake kuu pamoja na maneno ya wenyeji yaliyokusanywa mwishoni, na litolewe pamoja na masahihisho ya For Men and Elders na ya wahakiki wengine, ili lisomwe na watu ambao habari ni yao. Pili, wafanyao utafiti wa lugha wakusanye msamiati wa mabweni kwa mpango, chuo kwa chuo, wakiandika nani asemaye neno na katika hali gani, kabla ya maneno hayo kubadilika, kwa maana maneno ya vijana hayakai. Tatu, wahakiki waache kumpima mwanafunzi wa riwaya kwa swali la kurudi kwao peke yake. Wamwulize pia alikaa na nani, walikula nini, na ni nani aliyelipa. Mwandishi atakayeweza kuyajibu maswali hayo matatu kwa ukweli, katika Kiswahili cha watu wenyewe, atakuwa amefanya kazi ambayo riwaya ya mabweni yaingoja tangu mwaka 1971.